Bisibisi Sikioni

Miezi minne Pijo ya marehemu mume wangu
ilinitikisa meno.
Nikisimama kungoja mkokoteni uvuke Barabara ya Kumi na Nne,
kioo cha pembeni kilinionyesha bodaboda tatu,
na bodaboda ilikuwa moja.

Ushauri ulikuwa bure, na mwingi.
Shemeji alisema nozo. Nikanunua nozo.
Muuza machungwa akasema dizeli ina maji;
nikamwaga tangi zima, nikapewa chungwa la pole.
Kijana wa Chumbageni akasema taimingi.
Akafungua, akafunga, akabakiwa na boliti moja kiganjani,
akaitazama kama mtu aliyesahau jina la mgeni wake.
Laki tatu na ushei.
Pijo ikaendelea kutetemeka
kama homa inayorudi kila siku ya tatu.

Mimi ni mkunga. Nimestaafu Bombo
baada ya miaka thelathini na moja ya kuinamia matumbo ya watu.
Anayekisia namjua kwa sauti:
husema haraka, na hupenda kuwe na watu.

Fundi Shemdoe hakusema kitu.
Aliizunguka gari mara moja, akiisikiliza ikiwa sailensi,
kisha akaweka kikombe chake cha kahawa juu ya dashibodi.
Kahawa ikachora duara, na duara, na duara,
ikamwagikia karatasi za bima.
"Kanyaga mafuta kidogo."
Nikakanyaga. Kahawa ikatulia.
"Achia."
Ikaanza tena.

Akachukua bisibisi ndefu,
ncha akaiegemeza kwenye bloku, mpini sikioni,
akafumba macho.

Hapo nikanyamaza ndani ya mwili wangu wote.
Maana ndivyo nilivyokuwa mimi na kipembe changu cha mbao:
sikio moja juu ya ngozi iliyovutika,
jingine likiufungia mlango ulimwengu na mama mkwe,
nikitafuta kidogo kilichomo ndani ya kikubwa,
tu-tu, tu-tu, tu-tu,
na chumba kizima kikinitazama mdomo.

"Mapigo mazima," akasema. "Yote manne.
Moyo hauumwi, mama. Kinachoumwa ni kitanda."

Akaniambia: breki, gia ya kwanza,
achia klachi nusu, usiondoke.
Kwa ufa wa boneti nikaiona injini
ikijiinua kwa bega moja
kama mgeni anayetaka kuaga kabla wali haujapakuliwa.
Akaingia chini na tochi na mtaimbo.
Akatoka na kitu cheusi, kimenyauka,
andazi lililosahaulika tangu Mfungo Sita.
Oili ilikuwa imekila, tone kwa tone,
toka siku za mwenye gari, aliyekuwa akisema
"hilo tone dogo tu."
Chuma kilikuwa kimelalia chuma.

Mpya Tanga nzima haukupatikana.
Shemdoe akakata mpira wa lori,
akauchonga kwa kisu cha kuchovya kwenye maji ya sabuni,
akapima kwa dole gumba, akachonga, akapima.
"Huu utakufikisha Idi," akasema.
Hakutaja Idi ipi.

Nikawasha. Bodaboda moja ikawa moja.
Nikaenda mpaka Raskazoni bila sababu,
kwa ajili tu ya kusimama na kuondoka,
kusimama na kuondoka.
Na katika ukimya ule nikaisikia:
wiii, nyembamba, mbele, karibu na feni.
Nikampigia simu.
"Hiyo beringi ya pampu ya maji," akasema, akacheka.
"Siku zote ilikuwapo. Haikuwa na nafasi ya kusema."

Nikaegesha. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia kama mwizi.
Ndani ya mkoba, chini ya leso na funguo,
kipembe bado kipo; mkono haujakubali kukiacha nyumbani.
Nikainua boneti, nikafunga kanga vizuri isije ikanaswa,
nikainama,
nikaweka sikio.